Miji ya Mwambao wa Amalfi

Leo tunakwenda safari. Hatutapanda meli wala gari. Ninyi mnaosikiliza mtasafiri kwa masikio, na ninyi mlioshika karatasi hizi mtasafiri kwa macho. Mwalimu wa darasa, tafadhali tundika ramani ya Ulaya ukutani. Mwanafunzi mmoja na asimame karibu nayo, atuonyeshe njia kwa kidole.

Itafuteni nchi ya Italia. Ni rahisi kuitambua, maana ina umbo la mguu uliovaa buti, uliochovywa katika Bahari ya Mediterania. Mbele ya mguu huo, chini kidogo ya goti, upo mji mkubwa wa Napoli. Kusini ya Napoli nchi kavu imechomoza baharini kama kidole. Hiyo ndiyo rasi ya Sorrento. Upande wa kusini wa rasi hiyo ndio Mwambao wa Amalfi. Sisi tutaanza mashariki, katika mji wa Salerno, kisha tutakwenda magharibi mji kwa mji mpaka Positano.

Kwanza ijueni nchi yenyewe. Milima imefika mpaka baharini. Hakuna tambarare ya kulima mpunga wala ngano, wala malisho ya kutosha ng'ombe. Kuna magenge ya mawe, makorongo membamba na vipande vidogo vya ufuko. Basi hili ndilo swali la somo letu: watu wasio na ardhi ya kulima waliishije mahali kama hapo kwa zaidi ya miaka 1,000? Liwekeni swali hilo moyoni. Kila mji utatupa sehemu ya jibu.

SALERNO: MJI WA WAGANGA

Salerno ni mji mkubwa wenye bandari. Zamani sifa yake haikuwa jeshi wala dhahabu. Ilikuwa elimu ya uganga. Tangu karne ya 10 wagonjwa walitoka mbali kuja kutibiwa hapa, na vijana walikuja kujifunza. Shule ya Salerno ilikuwa miongoni mwa shule za kwanza za udaktari katika Ulaya.

Je, elimu hiyo waliipata wapi? Nyingine waliirithi kwa Wayunani na Warumi wa kale. Nyingine ililetwa na Mwafrika. Katika miaka ya 1070 alifika Salerno mtu kutoka Afrika ya Kaskazini, jina lake Constantinus Africanus, yaani Constantinus Mwafrika. Alijua Kiarabu. Baadaye akaingia katika nyumba ya watawa ya Monte Cassino, na huko akavitia vitabu vya uganga vya Kiarabu katika lugha ya Kilatini. Kimoja kilikuwa cha Ali ibn al-Abbas, mganga wa Uajemi. Kingine kilikuwa cha Ibn al-Jazzar, mganga wa Qayrawan katika nchi ya Tunisia ya leo. Waganga wa Ulaya walivisoma vitabu hivyo kwa mamia ya miaka.

Wanawake pia walitibu watu Salerno. Katika karne ya 12 aliishi huko mwanamke aitwaye Trota, aliyeandika juu ya matibabu na maradhi ya wanawake. Halafu mwaka 1231 mfalme wa nchi hiyo, Federico wa Pili, alitoa sheria. Mtu asitibu watu kabla ya kupimwa elimu yake mbele ya walimu wa Salerno. Leo tunapotaka kuona cheti cha daktari tunafuata desturi iliyo ya zamani sana.

Shule ile ilifungwa mwaka 1811. Lakini kitabu kilichokwisha kusomwa hakifungwi pamoja na mlango wa shule.

VIETRI NA CETARA: UDONGO NA CHUMVI

Tukitoka Salerno tunaingia katika barabara nyembamba iliyochongwa ubavuni mwa mlima. Barabara hii ni ya karne ya 19. Kabla yake watu wa mwambao huu walisafiri kwa mashua, au kwa miguu na punda katika njia za ngazi za mawe. Hata leo mabasi mawili yakikutana penye kona kali, moja hulazimika kurudi nyuma.

Mji wa kwanza ni Vietri sul Mare. Kazi yao ni ufinyanzi. Hufinyanga sahani, mitungi na vigae, huvipaka rangi za buluu, manjano na kijani, kisha huvichoma katika tanuri. Kuta za nyumba na hata paa la kanisa zimepambwa kwa vigae hivyo.

Mbele yake ni Cetara, kijiji cha wavuvi. Watu wa pwani na wa maziwa yetu makuu watakipenda, maana sifa yake imetokana na samaki wadogo wa jamii ya dagaa. Samaki hao huvuliwa tangu majira ya kuchipua hadi kiangazi. Hukatwa vichwa, hupangwa tabaka kwa tabaka na chumvi katika pipa la mti, kisha hugandamizwa kwa jiwe zito. Miezi hupita. Mwishoni pipa hutobolewa chini, na maji mekundu yenye harufu kali hutoka tone kwa tone. Matone hayo hutiwa katika chakula. Warumi wa kale nao walikuwa na mchuzi wa samaki na chumvi kama huo. Wakazi wa Cetara waligeuza samaki wa senti chache wakapata kitu cha thamani, na kazi yao ilikuwa kutia chumvi na kungoja.

Hapa ufukweni mtaona mnara wa mawe. Minara ya namna hii imetapakaa mwambao wote, na mingi ilijengwa katika karne ya 16. Ilikuwa ya walinzi, maana maharamia walikuja kuteka watu na kuwauza utumwani. Mwaka 1558 merikebu za Waturuki ziliuvamia mji wa Sorrento, upande wa pili wa rasi, na maelfu ya watu walichukuliwa mateka. Watu wa Afrika ya Mashariki wanajua maana ya habari hii. Katika historia watu wa rangi zote na dini zote wamewahi kuuzwa, na wengine wao wamewahi kuuza watu.

MAIORI NA MINORI: UKUTA NA LIMAU

Sasa tumefika Maiori na jirani yake Minori. Minori yapo mabaki ya nyumba ya tajiri wa Kirumi wa karne ya 1. Lakini leo msitazame nyumba ile. Inueni macho mtazame mlima.

Mlima wote umekatwa ngazi, tangu karibu na bahari hadi juu. Kila ngazi ina ukuta wa mawe, na nyuma ya ukuta kuna udongo kidogo. Juu ya udongo huo imepandwa milimau. Udongo mwingine ulibebwa na watu migongoni, kikapu kwa kikapu. Hawakulikuta shamba pale. Walilijenga, kama mtu ajengavyo nyumba.

Ukuta huo haukutiwa saruji wala chokaa. Fundi huchagua mawe, huyapanga moja juu ya jingine na kuyabana kwa vijiwe vidogo. Kwa nini? Kwa sababu mvua ikinyesha, maji hupenya kati ya mawe na kutoka polepole. Kama ukuta ungezibwa kabisa, maji yangejaa nyuma yake na kuusukuma mpaka uanguke. Juu ya milimau hujengwa kichanja cha miti, ili matawi yashikiliwe na yafunikwe wakati wa baridi.

Limau lilikuwa dawa ya mabaharia. Zamani mabaharia waliokaa miezi mingi bila matunda walipata kiseyeye. Ufizi ulivuja damu, meno yakatoka, na wengi wakafa. Mwaka 1747 daktari wa merikebu kutoka Skotlandi, James Lind, aliwajaribu wagonjwa kwa vyakula mbalimbali akaona kwamba waliopewa machungwa na malimau walipona upesi.

Na nani aliyeyateremsha malimau kutoka mlimani? Hasa wanawake. Walishuka ngazi mamia kwa mamia wakiwa na vikapu vizito mabegani, wakapanda tena, wakashuka tena, tangu asubuhi hadi jioni. Watu waliwaita "formichelle", maana yake sisimizi wadogo. Majina ya wafalme wa nchi hiyo yameandikwa vitabuni. Majina ya wanawake hao wengi hayakuandikwa mahali popote. Lakini bila migongo yao mlima ule usingelisha mtu.

Neno "limau" nalo ni msafiri. Kwa Kitaliano ni "limone". Yote mawili asili yake ya mbali ni neno la Kiarabu na Kiajemi. Halikadhalika ghala kwa Kitaliano ni "magazzino", neno la asili moja na "hazina" yetu, na orodha ya bei ni "tariffa", ndugu wa neno letu "taarifa". Bahari mbili tofauti zilitembelewa na wafanyabiashara wa lugha moja, na maneno yao yakabaki pwani zote mbili.

Sasa sikilizeni kwa makini. Usiku wa tarehe 25 kuamkia tarehe 26 Oktoba, 1954, mvua kubwa ya kupita kiasi ilinyesha juu ya Salerno, Vietri, Maiori na Minori. Milima iliporomoka. Matope na mawe yaliingia majumbani watu wakiwa wamelala. Zaidi ya watu 300 walikufa. Mvua ile ilikuwa kubwa mno, wala kuta peke yake zisingeweza kuizuia. Hata hivyo wenyeji na wataalamu wanajua jambo moja. Mahali ukuta unapotunzwa, mlima hushikana. Mahali ukuta unapoachwa, jiwe moja huanguka mwaka huu, jingine mwaka ujao, na mwishowe mvua huchukua udongo wote.

ATRANI: MJI MDOGO WA WATAWALA

Twende mbele. Atrani ni mji mdogo sana. Eneo lake lote halifiki hata sehemu moja ya nane ya kilometa ya mraba, na kwa eneo hakuna manispaa ndogo kuliko hii katika Italia nzima. Lakini zamani, katika kanisa lake dogo la San Salvatore, ndipo watawala wa Amalfi walipovikwa kofia ya utawala. Kanisa hilo lilipata milango ya shaba iliyotengenezwa Constantinople, mji uitwao sasa Istanbul, mwaka 1087.

Chini ya barabara kuu ya Atrani hupita kijito kilichofunikwa. Tarehe 9 Septemba, 2010, mvua ilinyesha milimani na kijito kikajaa ghafula. Maji na matope yalipasua njia, yakashuka katikati ya mji, yakazoa magari mpaka baharini. Binti mmoja aliyekuwa kazini alichukuliwa na maji akafa. Maji hupita njia yake ya zamani, hata kama watu wameisahau.

AMALFI: BAHARI, SHERIA NA KARATASI

Sasa tumefika Amalfi, mji uliotoa jina la mwambao wote. Ukiuona leo hutadhani ulikuwa dola. Lakini mwaka 839 watu wake walijitenga na utawala wa Napoli, wakawa na viongozi wao wenyewe. Wakajenga merikebu. Walipeleka mbao Afrika ya Kaskazini na Misri, wakapata dhahabu. Kwa dhahabu wakanunua hariri na viungo. Katika karne ya 10 msafiri Mwarabu Ibn Hawqal aliandika habari za Amalfi akausifu kwa utajiri wake. Fedha yao iliitwa tari, nayo iliiga sarafu ya Waarabu.

Biashara hiyo ilikuwa ya hatari. Mwaka 996 merikebu za khalifa ziliungua moto kule Kairo. Watu wakawashuku wageni kutoka Amalfi, wakawaua zaidi ya 100. Lakini katika karne iliyofuata wafanyabiashara wa Amalfi walikuwa wakienda tena Misri, na kule Yerusalemu walijenga nyumba ya kupokea wasafiri na wagonjwa.

Watu wa Amalfi walikuwa na sheria za bahari, ziitwazo Tavola Amalfitana. Sheria hizo zilieleza mapatano ya mwenye chombo, mfanyabiashara na baharia, na jinsi ya kugawana faida. Zilieleza pia la kufanya wakati wa dhoruba, shehena inapotupwa baharini ili chombo kisizame. Hasara ile isimwangukie mtu mmoja tu. Mabaharia wa majahazi ya pwani yetu nao walizoea kulipwa kwa mafungu, kwa hiyo hawatashangaa.

Lakini nguvu haidumu. Mwaka 1131 Mfalme Ruggero wa Pili aliutiisha mji. Mwaka 1135, na tena mwaka 1137, merikebu za Pisa zilikuja zikateka mali. Halafu mwezi wa Novemba, 1343, dhoruba kubwa ilipiga usiku, na bahari ikameza bandari na sehemu ya mji. Kiwanda cha merikebu kilibaki nusu. Nusu hiyo bado ipo, nanyi mkienda mtaiona.

Karibu na bandari imesimama sanamu ya mtu aitwaye Flavio Gioia, anayesifiwa kuwa ndiye aliyevumbua dira. Hapa tupate somo la kusoma. Flavio Biondo alikuwa mwandishi wa historia wa karne ya 15, aliyetaja habari kwamba dira ilianza kutumika Amalfi. Mwaka 1511 mwanachuoni mwingine akaandika sentensi ya Kilatini yenye maana hii: dira ilivumbuliwa Amalfi, ndivyo asimuliavyo Flavio. Wasomaji hawakuzingatia mkato, yaani ile alama ndogo (,). Wakaelewa hivi: dira ilivumbuliwa Amalfi na Flavio. Basi akazaliwa mtu ambaye hakuwapo! Wachina walikwisha kuandika habari za sindano ya sumaku mwaka 1088. Mabaharia wa Amalfi huenda walisaidia kuieneza dira, lakini aliyesimamishiwa sanamu amezaliwa na mkato. Ndugu wanafunzi, msidharau alama ndogo za maandishi.

Dola ilipokwisha, mji uliishi kwa nini? Pandeni bonde lililo nyuma ya mji, mtasikia maji. Hapo palikuwa na vinu vya karatasi. Kazi hiyo watu wa Amalfi waliipata kwa Waarabu. Walikusanya matambara ya pamba na kitani, wakayaloweka. Gurudumu lililozungushwa na maji ya mto liliinua nyundo za mti, nazo zikayaponda matambara mpaka yakawa uji. Fundi akachota uji huo kwa chekecheo, maji yakachuruzika, ukabaki utando mwembamba. Utando ukagandamizwa, ukaanikwa, ukawa karatasi.

Mwanzoni wakubwa hawakuiamini. Mfalme Federico, yule yule aliyetoa sheria ya waganga, aliamuru mwaka 1231 kwamba hati za serikali ziandikwe juu ya ngozi, kwa kuwa karatasi huharibika upesi. Lakini karatasi ilikuwa rahisi, na watu wengi wakaanza kuandika. Hata jina lake lina undugu na sisi. Kwa Kitaliano ni "carta", na kwa Kiswahili ni "karatasi". Yote mawili yametoka katika neno moja la Kiyunani. Sisi tulilipata kwa njia ya Kiarabu, wao kwa njia ya Kilatini.

Vinu vingi viliharibiwa na mafuriko ya 1954, na viwanda vya mashine vikamaliza vingine. Lakini karatasi bado hutengenezwa Amalfi kwa mkono, na kinu kimoja cha zamani kimekuwa nyumba ya makumbusho.

POSITANO: WALIOONDOKA NA WALIOKUJA

Mwisho wa safari yetu ni Positano. Nyumba zake zimepandana juu ya genge, moja juu ya nyingine. Watu wa hapa waliishi kwa merikebu za tanga. Zilipokuja meli za moshi katika karne ya 19, kazi yao ilipungua. Wengi walihama kwenda Amerika, hasa New York. Nyumba zikabaki na milango iliyofungwa.

Mwaka 1953 mwandishi wa Marekani, John Steinbeck, aliandika habari za Positano katika gazeti la kwao. Wageni wakazidi kuja. Siku hizi wanakuja wengi mno, hata barabara haipitiki wakati wa kiangazi. Mwaka 1997 mwambao wote uliandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 2018 ufundi wa kujenga kuta za mawe bila saruji nao uliandikwa katika orodha ya UNESCO ya ufundi na desturi, kwa Italia na nchi nyingine saba.

Lakini orodha haipangi mawe. Kijana wa mwambao huu hupata fedha nyingi zaidi kwa kubeba sahani hotelini kuliko kubeba mawe mlimani, na hatuwezi kumlaumu. Wazee waliojua kuchagua jiwe wanapungua. Milimau mingine imeachwa. Mgeni anayepiga picha hauoni ukuta. Huliona limau, huiona bahari, huziona nyumba. Navyo vyote vimeshikwa na ukuta.

Basi turudi kwenye swali letu. Watu hao waliishije bila ardhi? Waliishi kwa maarifa. Wengine walijua dawa, wengine udongo, wengine samaki na chumvi, wengine sheria ya bahari, wengine karatasi. Maarifa mengi waliyapata kwa wageni, wala hawakuona haya kujifunza. Dola ya Amalfi ilikwisha zamani, na kazi za mikono zikaendelea. Lakini maarifa nayo yanafanana na ule ukuta. Yakitunzwa hudumu miaka 1,000. Yakiachwa bila mtu wa kuyarithi, huanguka jiwe moja moja, na watu hutambua siku ya mvua.

Nanyi, ndugu wasikilizaji, mna kuta zenu. Yuko mzee kijijini kwenu ajuaye kusuka mtego, kuunda mtumbwi, kutambua dawa ya mti au kukinga maji yasichukue shamba. Mmejifunza kusoma na kuandika. Mwendeeni, mketi naye, mumwulize, kisha muandike.

Kwaherini mpaka somo lijalo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini ukuta wa mawe usiotiwa saruji hudumu kuliko uliozibwa?
2. Elimu ya waganga wa Salerno ilitoka wapi? Tajeni mtu mmoja aliyeileta.
3. Mkato mmoja ulizaaje mtu ambaye hakuwapo? Andikeni sentensi yenu inayobadilika maana kwa sababu ya mkato.
4. Ni kazi gani ya zamani inayopotea hapa kwetu? Nani anaijua bado? Nani atakwenda kwake wiki hii?